Lugha ya Watu Wawili

Mara ya kwanza mjomba alipokuja kumchukua kijana wetu, mdogo wangu wa kiume, hakumchukua. Alikuja kutuarifu tu kwamba atamchukua shule zikifungwa. Alishuka barabarani Kikopey na nusu gunia la viazi kutoka Kuresoi, akaningoja nimalize zamu ya mchana kwenye bucha ya nyama choma ninakofanya kazi, kisha tukapanda pamoja hadi chumba chetu cha mabati nyuma ya maduka. Aliomba kwanza. Tukasema amina. Halafu akaanza.

"Mama," aliniambia, maana huniita hivyo ingawa wakati ule nilikuwa na miaka kumi na tisa tu, "umejitahidi. Hakuna mtu anaweza kusema hukujitahidi. Lakini huyu kijana anaharibika hapa."

"Anaharibika aje, Anko?"

"Barabara. Moshi. Hao vijana wa kufukuza magari kuita wateja. Na huyu." Alielekeza kidevu kwa mdogo wetu wa mwisho, msichana wa miaka saba, aliyekuwa amekaa sakafuni akipanga vile viazi kwa ukubwa. "Huyu amemshika kama kupe. Kijana hana rafiki mwingine, hasomi, kazi yake ni kuchekesha bubu. Kwangu kuna shule karibu, kuna maziwa, kuna shamba la kumkaza mgongo. Wewe baki na huyu mmoja. Hata hatajua mwenzake ameenda wapi. Atalia siku mbili, asahau."

Msichana alichukua kiazi kikubwa kuliko vyote, akakiweka mbele ya kiatu cha mjomba, akamtazama usoni. Mjomba alikisukuma pembeni kwa ncha ya kiatu, bila ubaya, kama mtu anayesogeza kitu njiani.

Ninapaswa kusema kwamba mimi si mtu wa kukubali haraka. Miaka mitatu kabla ya hapo, juma moja baada ya kumzika mama kule Molo, ndugu wa pande zote mbili walikaa kutugawana. Ndivyo inavyofanyika kwetu: masufuria ya matanga hayajarudishwa kwa wenyewe, watoto wa marehemu wamekwisha kupangiwa, huyu kwa shangazi, yule kwa mjomba, mwingine kwa nyanya. Baba alikuwa ametangulia zamani. Nilikuwa kidato cha pili. Nilisimama mbele ya wazee nikasema sisi hatugawanywi. Sikurudi shuleni tena. Niliwachukua wadogo wangu wawili, nikaja kutafuta kazi kando ya barabara kuu, na tangu siku hiyo hakuna aliyenitikisa.

Lakini siku ile ya viazi nilitikisika, kwa sababu nilidhani mjomba anasema kweli. Kijana alikuwa na miaka kumi, gredi ya nne, na mwalimu wake alikuwa ameniita mara mbili kuniambia kwamba akili iko lakini haiko darasani. Kila akitoka shuleni alimkimbilia dada yake na wote wawili wakapotea nyuma ya zizi la mbuzi hadi giza liingie. Nilifikiri: nikimwachia aende, angalau mmoja wetu atasoma. Nikasema sawa, Anko. Shule zikifungwa.

Mdogo wetu aliacha kusikia kabla hajatimiza mwaka mmoja, baada ya homa iliyokaa naye siku tisa. Mama alipokuwa hai walimkata uzi wa chini ya ulimi, kwa kuwa mama mmoja alisema ndio unaomfunga. Hakusema. Walimpeleka kuombewa. Hakusema. Nilipokuja naye Kikopey nilimjaribu kwenye shule ya watoto wadogo, wakamweka nyuma kabisa karibu na dirisha, na baada ya muhula mmoja mwalimu akaniambia kwa upole kwamba ananiheshimu lakini mtoto anapoteza wakati. Basi nikawa nakuja naye kazini. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni, akichambua dania, akitazama watu.

Na alikuwa na mikono. Mikono yake haikutulia. Yeye na kaka yake walikuwa wakipungiana, wakigusana vifundo, wakivuta masikio, wakikunja vidole mbele ya kifua, upesi kama watu wanaopiga inzi. Mama mmoja tunayesali naye, anayeuza viazi na karoti kando ya barabara kuelekea Gilgil, alinionya mapema. "Ukimwachia mikono, ulimi utalala kabisa. Mnyime mikono, njaa ya kuongea itamtoa sauti." Lilikuwa neno lenye maana. Kwa hiyo kila nilipowakuta na ule mchezo nilichukua mwiko nikawagonga migongo ya mikono, wote wawili, si kwa nguvu, lakini kila siku.

Hapo ndipo aibu yangu ilipo, na ili ieleweke lazima nieleze jinsi tunavyofanya kazi. Mkataji nyama husimama mbele, kwenye dirisha la kioo zinaponing'inia nyama za mbuzi. Mchomaji yuko ndani, kwenye moto. Mimi niko nyuma zaidi, jikoni kwa ugali na kachumbari. Kati yetu kuna redio, kuna malori yanayoshusha gia, kuna wateja wanaoita boss kila mahali. Ukipiga kelele koo litakwisha kabla ya saa sita. Kwa hiyo bucha nzima huzungumza kwa mikono. Vidole ni kilo. Kiganja ubavuni ni mbavu. Kofi pajani ni mguu. Ngumi inayozungushwa ni ugali. Mkono ukipita shingoni, kitu kimekwisha. Mchomaji wetu alipoteza kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kwa shoka, kwa hiyo mgeni akiajiriwa huambiwa kwanza kwamba tano ya huyu mzee huja kwa mkono wa kushoto, na kwamba akiinua wa kulia wote ni nne, wala asimwonee huruma.

Mchana kutwa nilizungumza hivyo. Jioni nikawapiga watoto vidole kwa kuzungumza kwa mikono. Kwa miaka mitatu sikuona kwamba hayo mawili yanafanana hata kidogo.

Wiki tatu baada ya mjomba kuja, siku ya Ijumaa, mbuzi mmoja alikata kamba. Kulikuwa na familia imesimama kula, watu waliovaa vizuri wakielekea sherehe Nakuru, na gari lao jeupe lilikuwa wazi milango yote kwa ajili ya joto. Mbuzi aliona mlango akaingia. Mama aliyekuwa ndani alitokea upande wa pili akaacha kiatu kimoja. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na keki ndani ya sanduku. Tulikimbia, mchomaji akamvuta mbuzi miguu ya nyuma, mkataji akashika pembe, keki ikaokoka, mama akarudishiwa kiatu chake, na kila mtu akacheka isipokuwa mwenye bucha. Kijana wetu hakuwepo. Alikuwa shuleni. Na nilifika nyumbani nimechoka, nikapika, tukalala. Sikumsimulia.

Kesho yake, Jumamosi, alikuja nasi kazini. Baada ya wateja wa mchana kupungua nilikuwa nakata vitunguu dirishani na niliwaona kwenye ngazi ya nyuma. Mdogo wetu alikuwa amesimama, mikono ikienda. Kijana alikuwa ameketi akimtazama, mdomo wazi, kisha akainama akicheka mpaka akashika tumbo. Nilitafuta mwiko kwa macho. Kabla sijaupata, kijana aliinuka akaja dirishani.

"Dada, ni ukweli mbuzi ilikula keki yote?"

"Keki gani?"

"Ya ile gari nyeupe. Jana. Ati mathe alitoka na mlango ya huku, kiatu moja ikabaki, na mbuzi ikakalia kiti kama dereva."

Nilimuuliza ni nani aliyemwambia. Nilidhani atataja mmoja wa vijana wa barabarani. Alitazama mwiko, uliokuwa nyuma yangu kwenye karai.

"Nani?"

"Yeye."

"Yeye nani?"

"Si yeye tu." Akaelekeza ngazi.

Nilisimama na kisu mkononi. Nilijaribu kutafuta njia nyingine ambayo angeweza kujua: mlango gani, kiatu, rangi ya gari. Hakukuwa na njia nyingine. Tulikuwa pamoja tangu jioni ya jana, na hakuna aliyefungua kinywa juu ya jambo hilo.

"Mbuzi hakula keki," nilisema hatimaye. "Keki haikuguswa."

Kijana aligeuka. Mikono yake ilikwenda mara moja, haikufika pumzi mbili. Msichana alifunika uso kwa aibu, akachungulia kati ya vidole, kisha akajibu.

"Anasema ingekula kama hamngeivuta."

Sijui kama mtu mwingine angeelewa kwa nini nilikaa chini kwenye ndoo. Nilikuwa nimefanya kazi kwa ishara miaka mitatu. Kwa mikono yetu ya bucha ningeweza kuomba mbavu kilo mbili na ugali mmoja. Singeweza kusema jana. Singeweza kusema mbuzi ambaye hayupo hapa sasa. Hatukuwa na ishara ya kuuliza, na kuhusu kudanganya, hilo tulilifanya kwa mizani. Na mtoto huyu niliyekuwa namhesabu pamoja na vitu vya nyumbani alikuwa amesimulia habari ya jana kwa mtu ambaye hakuwepo, akaongeza uongo ili ipendeze, akakamatwa, akajitetea kwa kusema jambo ambalo halikutokea ila lingetokea kama. Hiyo kama ndiyo iliyonikalisha.

"Nani aliwafundisha?" nilimuuliza kijana.

"Kufundisha nini?"

"Hiyo. Kuongea hivyo."

"Hakuna. Ilikuwa tu."

"Tangu lini?"

Alifikiri. "Tangu kwetu Molo. Hatukuanza. Tulikuwa tu tunaongea."

Nilimwita msichana ndani. Alikuja taratibu huku ameficha mikono nyuma, na nilielewa ni kwa nini. Nilimwambia kijana amweleze kwamba leo hakuna kupigwa. Alimweleza, na katika maelezo yale nilimwona akigonga mgongo wa mkono wake wa kushoto kwa vidole viwili vya kulia, upesi, halafu akanielekezea. Alifanya hivyo mara mbili.

"Hiyo ni nini, unagonga mkono?"

Kijana alitazama chini. "Ni wewe."

"Mimi aje?"

"Ndio jina yako, Dada."

Mchomaji alikuwa amekuja kuchukua kachumbari. Alisikia. Alisimama mlangoni na sahani yake, akaniangalia, akatazama watoto, akaondoka bila neno. Huyo ni mtu ambaye hajawahi kuacha nafasi ya kunitania ipite.

Niliuliza ni mambo gani mengine msichana humwambia.

"Mob," kijana alisema. "Kila kitu. Kama vile mwenye bucha huficha figo kwa mfuko ya koti. Kama vile yule mathe wa viazi huongea na wewe akimwangalia yeye vibaya. Na ya Mum."

"Ya Mum gani?"

"Ile siku."

Mama alikuwa na pumu. Alikufa asubuhi ya baridi, mimi nikiwa shuleni, kijana akiwa darasa la kwanza. Nyumbani alibaki na msichana wa miaka minne. Nilimkuta mimi, jioni, ameegemea mafiga, na mkononi ana kiazi cha kuchemsha. Kiazi kile kilitufariji sana. Matangani kilisimuliwa kwa kila aliyekuja: alikufa akila, hakuteseka, ilikuwa kama kulala. Mchungaji alikitaja kwenye mahubiri. Na mtoto aliyekuwa naye ndani ya nyumba siku nzima hakuulizwa lolote na mtu yeyote, kwa maana ungemuulizaje.

"Mwambie anisimulie," nilisema.

Alisimulia akiwa amesimama kati ya gunia la unga na ndoo ya vitunguu. Kwanza alimweka mama hewani upande wake wa kushoto, kwa ishara ya kufunga kilemba. Akaiweka nyumba ya jirani upande wa kulia, mbali kidogo. Baada ya hapo hakurudia. Kila alipomtaja mama alitazama kushoto tu, na kila alipomtaja jirani alielekeza kulia, nami nikawaona wote wawili pale jikoni kana kwamba wamesimama. Kijana alitafsiri kwa sauti ya chini, akisita mara kwa mara kutafuta neno la Kiswahili, si la mikono.

Mama alikuwa anawasha moto. Aliketi ghafla. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Alimshika mkono, akamwonyesha mlango, akamwonyesha nyumba ya jirani. Msichana akaenda mbio. Akamvuta jirani leso. Jirani alicheka, akampa kiazi, akamgeuza mabega, akamrudisha. Mama akamwonyesha mlango tena. Akarudi tena, akavuta kwa nguvu, akapewa uji, akanywa kwa sababu alipewa. Mara ya tatu mlango ulikuwa na kufuli. Jirani amekwenda shambani. Akarudi kwa mama. Hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Akamwekea kile kiazi mkononi, akamfunga vidole.

Ugali uliokuwa kwenye jiko la pili uliungua. Niliusikia kwa pua na sikuinuka.

"Ulijua hii?" nilimuuliza kijana.

"Kitambo."

"Na hukuniambia?"

"Nilidhani unajua," alisema. "Wewe ndio mkubwa."

Nikamuuliza ni nani aliyemweleza msichana kwamba mama amekufa, kwa kuwa wakati wa mazishi nakumbuka tulimwacha na watu waliokuwa wakipika. Kijana alisema ni yeye mwenyewe. Wakati ule alikuwa na miaka saba. Alinionyesha alivyomweleza: akaweka kiganja mbele ya mdomo kama anayepima pumzi, akangoja, akakifungua kiganja na hakikuwa na kitu. Msichana, akimtazama, aliitikia kwa kichwa.

Jirani yule yuko hai na huwa ananitumia salamu. Sijawahi kumwambia, na sitamwambia. Angefanya nini? Mtoto bubu akivuta nguo yako anataka kula. Nami nilimfanyia msichana wetu hivyo kila siku kwa miaka mitatu. Alinivuta, nikampa mkate.

Nilimaliza kidato cha kwanza na nusu ya cha pili. Nilifundishwa nomino na vitenzi na nikafanya mitihani ya hivyo, na nilitoka nikiamini kwamba lugha ni kitu unachopewa na waliokutangulia, kama shamba. Hawa wawili hawakupewa na mtu. Waliitoa wapi? Mmoja alikuwa amefungiwa mlango wa masikio, mwingine alikuwa mtoto wa kawaida anayempenda dada yake, na kati yao kikaota kitu chenye jana na kesho na kama na uongo na jina la kila mtu. Baadaye mwalimu mmoja wa watoto viziwi mjini Nakuru, nilipompelekea msichana, aliniambia kwamba huyu atajifunza lugha ya alama ya Kenya haraka kwa sababu tayari anajua kuongea, kwamba wale wanaomtia huzuni ni wanaoletwa wakiwa wakubwa bila kuwahi kuwa na mtu hata mmoja wa kuongea naye. Mtu mmoja anatosha, alisema. Lakini lazima awepo.

Na mimi nilikuwa nimeahidi kumwondoa.

Hesabu yake ilinijia usiku ule na haikuniondokea: lugha hii ina watu wawili duniani kote. Kijana akienda Kuresoi, msichana hatabaki na nusu ya lugha. Hatabaki na kitu. Atakuwa kile ambacho sisi wote tulisema yeye ni.

Mjomba alikuja Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa, saa nne asubuhi, na begi tupu la kubebea nguo za kijana. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Nguo zilikuwa zimekunjwa kitandani, kwa sababu sikutaka aseme nimemficha mtoto, lakini nilimwambia kabla hajakaa.

"Anko, haendi."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana kabla sijajua. Huyu mtoto anaongea. Anaongea na huyu peke yake. Nikiwatenganisha nitakuwa nimemkata ulimi mara ya pili."

Alinitazama kama mtu anayesikia habari za mganga. "Anaongea."

"Kwa mikono."

"Mama, hata kuku wangu nikiita kwa mkono wanakuja. Wanaongea?" Akacheka kidogo, kwa uchovu. "Usinichezee. Nimelipa nauli ya kuja, nitalipa ya watu wawili kurudi. Weka chai, tunywe, tuende."

Nilitoka nje kuwasha jiko. Kijana nilimtuma maji. Mjomba alibaki chumbani na msichana, yaani kwa hesabu yake alibaki peke yake. Kijana aliporudi na mtungi niliingia naye, nikiwa na birika. Msichana alikuwa amesimama kando ya kitanda. Alipomwona kaka yake tu mikono ilianza. Kijana alimtazama, akamtazama mjomba, akaweka mtungi chini polepole.

"Anasema nini?" niliuliza.

"Hakuna."

"Sema."

"Dada, si poa."

"Sema tu."

"Anasema Anko ameweka Mum kwa koti."

Nilitazama ukutani. Picha ya mama, ile ndogo iliyokatwa kutoka ya kikundi cha akina mama wa kanisani, haikuwa kwenye msumari wake.

Mjomba hakusogea. Uso wake ulibadilika rangi, na nilimwona akimtazama msichana kwa mara ya kwanza, macho kwa macho, kama mtu aliyevua nguo chumbani akidhani hakuna mtu, kumbe pana mtu ameketi hapo muda wote. Mkono wake ulipanda hadi kifuani, kwenye mfuko wa ndani, ukakaa hapo.

"Sina hata moja," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Zote zilikuwa kwa simu. Simu ikaibwa Molo. Ningetengeneza nakala nirudishe."

"Ungeomba tu, Anko."

"Ningeomba." Aliitoa, akaiweka juu ya meza, akainyoosha kona kwa kidole gumba. Kisha alikaa kitandani juu ya nguo za kijana. Chai ilipoa. Nilifikiri anatafuta njia ya kukasirika, kwa sababu mtu mzima akiaibishwa na mtoto mara nyingi hutafuta hivyo. Alipofungua kinywa hakumwambia kijana afunge begi.

"Alikuwa naye," alisema. "Ile siku. Huyu alikuwa ndani."

"Ndiyo."

"Anaweza kuulizwa?"

"Anaweza."

"Muulize." Hakujua amtazame nani, kijana au msichana. "Muulize kama dada yangu aliteseka. Tuliambiwa alikuwa anakula."

Kijana hakuuliza papo hapo. Walizungumza kwanza wao wawili, nikaona wanabishana juu ya neno: kijana akibana kifua, msichana akikataa kwa kichwa, akionyesha kitu kingine chini ya mbavu, mpaka wakakubaliana. Kisha msichana alisimulia yote, tangu moto, na kijana akatafsiri, na mjomba alisikia habari ya mlango na jirani na kufuli, mikono yake ikiwa imebanwa katikati ya magoti. Sikuweza kumkinga. Ilipofika mahali nilipodhani ni mwisho, msichana aliendelea.

"Anasema Mum aliogopa kidogo, halafu akaacha kuogopa," kijana alisema. "Akamvuta karibu. Akamshika hapa, shavu. Halafu Mum alikuwa anafanya mdomo."

"Kufanya mdomo aje?"

Kijana aliuliza. Msichana alinijia, akaniwekea kiganja shavuni, akanigeuza nimtazame. Akafanya midomo yake. Ilifunguka, ikakutana, ikafunguka tena kwa upana zaidi, ikabaki hivyo. Alirudia mara tatu, sawasawa kila mara, bila sauti yoyote, na hakuwa mtoto anayeiga. Alikuwa ameitunza miaka mitatu kwa uangalifu, kama mtu aliyepewa barua asiyoweza kuisoma.

"Tena," mjomba alisema, na msichana akamfuata pale alipokaa, akamshika shavu, akamfanyia.

Mjomba alisema ni jina lake la utotoni, lile ambalo mama peke yake ndiye aliyekuwa akimwita. Kijana alisema hapana, ni lake. Mimi niliona langu. Hatukubishana. Msichana alitutazama usoni mmoja baada ya mwingine, akimgusa kaka yake begani, akiuliza kitu kilekile mara mbili.

"Anataka kujua Mum alisema nini," kijana alisema. "Anasema nyinyi ndio mnajua midomo."

Mjomba alifuta uso kwa kiganja, akainuka, akatoa zile nguo alizokuwa amezikalia, akazinyoosha na kuziweka tena kitandani. Alichukua begi lake tupu akalikunja kwapani. Mlangoni alisimama mbele ya msichana akasita, mikono ikining'inia, kubwa, yenye udongo wa viazi kwenye kucha, na nilimwona akitafuta la kufanya nayo. Hakupata. Akamuuliza kijana jinsi ya kumwambia kwamba atarudi. Kijana akamwonyesha. Mjomba alikosea, msichana akamshika kidole cha shahada akakinyoosha, naye akafanya tena, na safari hii msichana alimjibu.

"Anauliza lini," kijana alisema.